Daftari la mauzo peke yake halitoshi kukisia msimu ujao

Kila ikikaribia Oktoba, wenye maduka ya pembejeo wa Uyole, Mwanjelwa na Makambako huingia kwenye hesabu ile ile: safari hii niagize mifuko mingapi? Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, kwa hiyo aliyeagiza vibaya hana vuli wala masika ya kumfidia. Wengi hufungua daftari la mwaka jana, huongeza asilimia kumi, kisha humpigia simu muuzaji wa jumla. Kufungua daftari ni jambo jema. Shida iko kwenye yale ambayo hayakuandikwa humo.

Tuseme Januari mwaka jana duka liliuza mifuko 120 ya mbolea ya kukuzia. Mzigo uliisha tarehe 20, na siku 11 zilizobaki wakulima walikuwa wanafika, wanauliza, wanakwenda kwa jirani. Daftari linasema 120. Lakini siku ambazo mbolea ilikuwepo duka liliuza mifuko 6 kwa siku, na kwa mwendo huo Januari nzima ingefika mifuko 186. Mwenye duka akiongeza asilimia kumi juu ya 120 ataagiza 132, ambayo itamwishia tena tarehe 22, na mwakani daftari litamwonyesha kwamba alikisia sawasawa kabisa! Hiyo 186 nayo si ya kuiapia, maana wateja hawaji kwa idadi moja mwezi mzima. Ila iko karibu zaidi na mahitaji halisi.

Dawa yake ni safu moja ya ziada kwenye daftari: walioulizia wakakosa. Tarehe, bidhaa, idadi. Wauzaji hawaipendi kazi hii, na foleni ya Januari kweli haina subira, lakini hata vijistari vya kuhesabia kwenye kipande cha boksi vinatosha.

Njia ya pili inayoponza watu huku kwetu ni wastani wa miezi mitatu. Chukua mbolea ya kupandia: Oktoba mifuko 20, Novemba 70, Desemba 210. Wastani ni 100, na ukiagiza 100 kwa ajili ya Januari utalala nayo ghalani, kwa sababu watu wameshapanda. Anza na Januari iliyopita. Kama duka liliuza 30, na kuanzia Oktoba hadi Desemba mwaka jana jumla ilikuwa 250 ilhali mwaka huu ni 300, biashara imekua mara 1.2, agiza kama 36. Mvua zikichelewa, usilinganishe tarehe kwa tarehe. Linganisha wiki ya tatu tangu mvua za kupandia zianze na wiki ya tatu ya mwaka jana, la sivyo utadhani wateja wamekukimbia kumbe bado wanatazama mawingu. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kabla ya kuagiza. Na takwimu za kabla ya ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/2023 zitumiwe kwa tahadhari, kwani bei ilibadilika na wanunuzi wakabadilika nayo.

Je, programu za kompyuta za gharama kubwa hazikisii vizuri zaidi? Mwaka 1982 Spyros Makridakis, mtafiti wa njia za kukisia, na wenzake walichapisha matokeo ya kushindanisha njia mbalimbali za kukisia kwenye mifululizo 1,001 ya takwimu. Njia ngumu hazikuwa lazima sahihi kuliko nyepesi, na wastani wa makisio ya njia kadhaa ulifanya vizuri. Kwa SACCOS inayotaka kujua wanachama watakopa kiasi gani Novemba na watarejesha kiasi gani baada ya mavuno, kalamu na jedwali la kompyuta vinatosha kuanzia.

Kwenye taasisi kubwa kidogo, hesabu huwa si tatizo. Tatizo ni kikao. Meneja anatangaza kwamba mwaka huu tutauza tani kadhaa, na mkubwa akishasema, nani abishe? Hapo lengo limevalishwa nguo ya makisio, na ghala litajazwa kwa ajili ya wateja wasiokuwepo. Kila afisa aandike namba yake kwenye karatasi kabla kikao hakijaanza, karatasi zisomwe bila majina, ndipo watu wajadili. Makisio ya zamani yasitupwe pia: yapangeni mwezi kwa mwezi pembeni ya mauzo halisi. Makosa yakienda juu na chini, hiyo ni hali ya kawaida ya biashara. Yakiegemea upande mmoja miezi yote, kuna mtu anazisukuma namba.

Namba ikishapatikana, kiasi cha kuagiza bado hutegemea bidhaa. Mbolea iliyobaki, ikitunzwa pakavu juu ya mbao, huuzwa msimu unaofuata, ingawa inakuwa imefunga mtaji; unaweza kuagiza juu kidogo ya makisio. Mbegu chotara za mahindi hupungua nguvu ya kuota na zina tarehe ya mwisho kwenye mfuko. Hizo agiza chini kidogo, na upatane mapema na muuzaji wa jumla kama ataweza kukuongezea Desemba.