Kuku wa asili uani: yanayosemwa na yalivyo

Watu wengi huamini kwamba kuku wa kienyeji ni aina moja tu, yaani kuku yeyote anayezurura na kujitafutia. Ukweli ni kwamba ndani ya jina hilo mna koo nyingi zilizo tofauti. Kuchi ni mrefu, mwenye shingo ndefu, kilemba kidogo na manyoya haba kifuani. Ching'wekwe ana miguu mifupi na umbo dogo. Bukini hana mkia, na Kishingo hana manyoya shingoni. Kwa upande mwingine, Kuroiler, ambaye asili yake ni India, na Sasso wa Ufaransa huuzwa masokoni kwa jina la kienyeji, ilhali ni kuku waliozalishwa kwa kuchanganya koo kadhaa kwa mpango maalumu. Wana faida yao, lakini anayetaka kuhifadhi mbegu ya Kuchi hapaswi kuwaacha wachanganyike na kundi lake.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya pili, kwamba kumleta jogoo chotara ni kuboresha kundi moja kwa moja. Kizazi cha kwanza huwa kikubwa kweli na hukua haraka. Tatizo huanza pale chotara hao wanapopandana wao kwa wao, kwa sababu watoto wao hutofautiana mno kwa umbo na uzito, na baadhi ya mitetea huwa haiatamii kabisa. Kwa mfugaji wa mitetea kumi asiye na mashine ya kutotolesha, kupoteza sifa ya kuatamia ni hasara kubwa.

Kwa maoni yangu, uharibifu mkubwa zaidi hauletwi na jogoo mgeni bali na desturi yetu wenyewe. Idd au Krismasi ikifika, jogoo mkubwa na mwenye afya ndiye anayeuzwa au kuchinjwa kwanza, na dhaifu ndiye anayebaki kupanda mitetea. Tukifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, tunachagua udogo bila kujua, kisha tunailaumu mbegu. Jogoo bora abaki, apewe mitetea isiyozidi kumi hivi, na abadilishwe kabla hajaanza kupanda binti zake. Anayebadilisha jogoo angoje takriban wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa kuwa mtetea huhifadhi mbegu za jogoo wa awali mwilini mwake na huweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu hizo kwa muda wa wiki mbili au zaidi.

Husemwa pia kwamba kuku wa asili haugui. Ni kweli kwamba anastahimili joto na njaa kuliko kuku wa kisasa, lakini mdondo, ambao wengine huuita kideri, huweza kuua karibu kundi zima kwa siku chache. Maji ya mwarobaini, mshubiri au pilipili hayaui kirusi cha mdondo. Kinga iliyopo ni chanjo, na ile ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Apewe kuku mzima, maana chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, na ni vyema majirani wachanje siku moja, kwa kuwa kuku wao hula pamoja.

Wapo wanaochagua mayai yenye ncha kali wakitarajia majogoo. Umbo la yai halionyeshi jinsia ya kifaranga. Jinsia huamuliwa na kromosomu anayotoa mtetea.

Mwisho ni lawama kwamba mtetea wa kienyeji hutaga kidogo kwa sababu mbegu yake ni duni. Mbegu inachangia, lakini tuhesabu na muda wake: hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga kwa miezi miwili au zaidi, na wakati wote huo hatagi. Vifaranga wakitengwa mapema mahali penye joto na chakula cha kutosha, mama hurudi kutaga baada ya wiki chache. Wakiwekwa chini ya tenga mchana, mwewe na kunguru hawawapati.