Chura Pepe hakuzaliwa TikTok
Machalii wa Arusha wakirushiana picha ya Pepe, yule chura wa kijani, wengi hudhani katoka TikTok. Wapi! Matt Furie alimchora kwenye katuni mwaka 2005. Waliomsambaza zaidi ni watu wa 4chan, ukumbi wa mtandaoni ulioanza 2003, usiodai jina wala akaunti. Humo mada isiyojibiwa husukumwa chini hadi ikafutwa. Inayosalia ni picha ambayo watu wameihifadhi simuni au kwenye kompyuta na kuirudisha tena na tena, kila mmoja akibadili maneno. Mchujo mkali kuliko wa chai. Ikitua kwenye grupu la WhatsApp, asili imeshapotea, na hapo ndipo watu huteleza: mwaka 2016 Anti-Defamation League, shirika la Marekani linalopinga chuki, lilimworodhesha Pepe kuwa alama ya chuki, maana wabaguzi walishamteka, ingawa si kila Pepe ana ubaya.