Wamemuuzia nani?

Mswada uliofika mezani kwangu mwezi uliopita ni wa kijana wa hapa Dodoma: riwaya ya genge linaloiba mchoro Ulaya. Kurasa 60 za mwanzo ni kamba, miale ya leza na walinzi waliolishwa dawa ya usingizi. Mchoro unatoka, pesa zinagawanywa ndani ya aya mbili, mwisho. Nikampigia simu.

"Mdogo wangu, wamemuuzia nani?"

"Dada, si kuna matajiri?"

Nimehariri riwaya za kusisimua miaka mingi, na nyingi hufia hapo. Kuiba ni kazi ya usiku mmoja. Kasheshe ni kuuza. Vincenzo Peruggia, fundi aliyewahi kufanya kazi makumbusho ya Louvre, Paris, aliondoka na mchoro wa Mona Lisa Agosti 1911. Akakaa nao chumbani kwake jijini humo zaidi ya miaka miwili. Alipojaribu kuuuza Florence, Italia, Desemba 1913, akakamatwa.

Na leza si lazima. Usiku wa Machi 18, 1990, wanaume wawili waliovaa sare za polisi waligonga mlango wa makumbusho ya Isabella Stewart Gardner, Boston, wakafunguliwa. Wakawafunga walinzi wawili, wakakaa ndani dakika 81, wakatoka na vitu 13, kikiwemo mchoro wa bahari wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, walioukata kwa kisu kwenye fremu yake. Fremu tupu bado zinaning'inia ukutani. Zawadi ni dola milioni 10, na hakuna kilichorudi. Mimi riwaya ningeianzia hapo, kwa mtu aliyebaki na turubai lisilouzika chini ya kitanda.

Lakini kinachoniuma zaidi ni cha kwetu. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Kilirudi nyumbani 2010. Miaka 26! Mona Lisa kila mtu anaijua sura yake, kwa hiyo haiuziki. Kinyago ambacho ni wachache tu nje ya nchi wanakijua hupita mlangoni mchana kweupe, kikiwa na karatasi za kuonyesha kilikotoka.

Karatasi ndiyo silaha ya hadithi hizi. Mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za kale ni wa 1970, na makumbusho mengi yameufanya mwaka huo kuwa mpaka: kitu kikionekana kilitoka kwao kabla yake, maswali hupungua. Kwa hiyo mhusika wa hatari si yule mwenye kamba. Ni mzee mwenye taipureta na mihuri ya zamani, anayekipa kitu kilichoibwa jana ukoo wa miaka 60.

Nilimwambia kijana aachane na Ulaya kwanza, apande basi la Kondoa hadi Kolo, akaone mashimo waliyochimba watu chini ya miamba yenye michoro wakitafuta mali wanayoamini Wajerumani waliifukia. Akaenda.

Juzi kanitumia sura mpya. Gesti ya Kondoa, usiku, dalali anafungua khanga. Ndani kuna kinyago na risiti iliyofifia, ya Machi 1962. Mnunuzi, mama mmoja mwalimu mstaafu, hakigusi kinyago. Anaisogeza risiti kwenye taa, anasoma muhuri: TANZANIA. Mwaka 1962 nchi hii ilikuwa bado Tanganyika.