Je, wajua? Injini ya ndege ndogo huweza kuzibwa na pumzi yake yenyewe

Injini ya ndege ndogo inapozimika angani katika majira ya baridi ya Alaska au kaskazini mwa Kanada, wengi hudhani kwamba petroli imeganda ndani ya tangi. Dhana hiyo inaingia akilini, lakini petroli maalumu ya ndege zenye injini za pistoni hutengenezwa kwa sharti kwamba isigande kabla ya kufika nyuzi 58 za Selsiasi chini ya sifuri. Kinachoweza kuganda ni maji yaliyojificha ndani ya petroli hiyo, na ndiyo maana rubani hutoa sampuli chini ya tangi kabla ya kuruka, hatua isiyofaa kitu iwapo maji hayo yamekwisha kuwa barafu.

Hewa ya nje nayo husingiziwa. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, hewa huwa kavu mno, kwa hiyo barafu inayosumbua hapa hutokana na maji ya injini yenyewe. Haidrojeni iliyomo katika petroli huungana na oksijeni, na kila lita inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Karibu yote hutoka kama mvuke kupitia bomba la moshi. Sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia katika kasha la krenki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), kasha ambalo lina bomba la kupumulia linaloshuka hadi chini ya ndege. Hapo kwenye ncha mvuke hukutana na upepo wa baridi, na barafu hujijenga kutoka ukingoni kuelekea katikati mpaka njia ifunge.

Birika linalochemka likizibwa mdomo, mvuke hukiinua kifuniko, kwa kuwa ndicho kilicho dhaifu. Katika injini, kifuniko hicho ni sili ya mbele, yaani pete ya kuzuia oili isivuje, inayoizunguka krenki shafti nyuma ya rafadha (panga boi la ndege). Presha ikizidi, sili huchomoka, oili humwagika nje, na injini hukwama kwa kukosa ulainisho, huku geji ya presha ya oili ikiweza kuonyesha hali ya kawaida hadi pampu inapoanza kuvuta hewa.

Ushahidi wa ajali za namna hii huwa hafifu, maana barafu huweza kuyeyuka kabla ya wachunguzi kufika. Sili iliyochomoka pekee haitoshi kuthibitisha kwamba barafu ndiyo chanzo, kwani hata iliyopachikwa vibaya huchomoka.

Kinga yake ni nyepesi kiasi cha kuchekesha: tundu dogo hutobolewa kwenye bomba hilo juu ya ncha, ndani ya boneti yenye joto, ili gesi zipate pa kutokea ncha ikiziba. Fundi anayelivisha bomba kitambaa cha kuzuia baridi sharti aliache tundu hilo wazi.