Suruali ya kuning'inia ubavuni haikuwekwa kwa ajili ya ulaini

Watu wengi wakiona suruali nene ya mabaharia wa mashindano ya mashua za tanga, yenye vibanzi vigumu nyuma ya mapaja, hudhani ni sponji tu ya kumkalisha mtu raha. Ndiyo maana wanaoanza hununua ile iliyo laini kuliko zote, na hapo ndipo wanapokosea.

Chukua mashua ya Laser, siku hizi huitwa ILCA, mashua ndogo ya tanga ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4.23, iliyoingia Olimpiki mwaka 1996. Upepo ukianza kuilaza, baharia hukalia ukingo wa goshini, unakotoka upepo, hupachika nyayo chini ya mkanda ulio katikati ya mashua, kisha huutoa mwili nje juu ya maji ili mashua isilale. Uzito huo wote unaangukia mstari mwembamba nyuma ya mapaja. Ukingo ukibana hapo kwa muda, damu haipiti vizuri na miguu inakufa ganzi. Sponji peke yake inabonyea mpaka ukingo unakutana na nyama. Kazi inafanywa na vile vibanzi, aghalabu vya faibaglasi, vinavyotandaza mzigo kwenye paja zima. Misuli ya mbele ya mapaja itawaka moto vilevile; hakuna suruali inayoondoa hilo.

Wengine hudai inavaliwa kuongeza uzito. Kanuni za mashindano zinakataza kuvaa chochote kwa nia hiyo, na kwa kawaida mavazi yaliyolowa hayaruhusiwi kuzidi kilo 8.

Ukienda kuinunua, ijaribu ukiwa umekaa ukingoni mwa meza, miguu umeinyoosha: vibanzi vianzie chini ya makalio na viishie kabla ya mkunjo wa goti.