Kivumbasi cha porini: nusa kabla ya kuinjika maji

Kazi yangu ni mimea, na kuhusu chai ya majani ya porini swali ninaloulizwa zaidi ni majani mangapi kwa kikombe. Mimi huuliza kwanza: una hakika ulichochuma ni kivumbasi?

Ninachonywa mimi ni Ocimum gratissimum, kichaka kinachojiotea kando ya mashamba na kwenye mahame. Shina lake changa lina pembe nne, majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, kingo zake zina meno. Tatizo ni kwamba lantana, ule mmea unaopandwa uani wenye maua ya manjano, machungwa na waridi kwenye kishada kimoja, nao uko hivyohivyo. Lantana huharibu ini la ng'ombe wanaoila. Kwa hiyo macho hayatoshi: fikicha jani, ulinuse. La lantana hukwaruza kama msasa na harufu yake inakera. Kivumbasi hiki mara nyingi hunukia karafuu, kwa sababu mafuta yake yana yujenoli, ileile inayoipa karafuu harufu. Ukinusa kafuri, huenda umeshika nduguye, Ocimum kilimandscharicum, ambao kule Kakamega hukamuliwa mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua. Huo uache ubaki wa kuchua. Kafuri si ya kunywa.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, ncha changa tu, ili kichaka kiendelee kuchipua. Kando ya barabara kuu au karibu na shamba linalopuliziwa dawa usichume kabisa, hata majani yapendeze vipi.

Wengi huyatokosa majani mpaka nyumba nzima inukie. Harufu hiyo iliyojaa nyumbani ndiyo iliyotakiwa kubaki kwenye kikombe, maana mafuta haya hupaa na mvuke. Mimi huchemsha maji peke yake, naepua, natia majani mabichi matano au sita yaliyokatwakatwa kwa kila kikombe, nafunika papo hapo na kusubiri dakika saba. Nikifunua, matone yaliyoshika chini ya kifuniko nayakung'utia ndani. Onja tone moja tu, utaelewa kwa nini nang'ang'ania kifuniko. Asali kidogo yatosha.

Mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wazungumze na daktari kabla ya kunywa. Na mtoto akishikwa na homa, apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo. Chai hii haitibu malaria.