Je, wajua kwa nini matembezi ya Shela hupangwa kwa kutazama mwezi?

Kutoka Lamu mjini hadi kijiji cha Shela ni kama kilomita 3, dakika 45 hivi kwa miguu ukifuata ufuo. Maji yakiwa yamekupwa unapita juu ya mchanga mgumu bila taabu. Yakijaa, karibu na Shela bahari hupiga kuta na ufuo humezwa. Hapo utavua viatu upite majini, uite boti, au uzunguke njia ya ndani.

Anayepanga saa hizo ni mwezi, na jua likimsaidia kidogo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, vyote viwili huvuta bahari kwa mstari mmoja. Hiyo ndiyo bamvua: kati ya kupwa na kujaa maji yaweza kupanda zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na kupanda huko hupungua hadi kama mita 1.

Pwani hii, siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na hukauka kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Ukishika hilo, ongeza dakika 50 kila siku. Yakijaa leo saa 10:30 alfajiri, siku nne baadaye yatajaa saa 1:50 asubuhi.

Wanaonaswa na maji huwa wamedanganywa na saa ya kwanza ya kujaa. Maji hayapandi kwa kasi moja. Kwa bamvua ya mita 3, saa ya kwanza huongezeka kama sentimita 25 tu, ya pili 50, kisha ya tatu na ya nne 75 kila moja. Aliyejilaza mchangani huona bahari imetulia. Akija kushtuka, njia ya kurudia imekwisha. Basi toka saa moja kabla ya maji kukauka kabisa, na uwe umerudi kabla saa ya pili ya kujaa haijaisha.

Ukipita kijiji, ufuo unaendelea kilomita 12 hivi, bila kivuli wala duka. Beba lita 2 za maji kila mtu. Vile vilima vya mchanga vilivyo nyuma usivichezee wala kuacha taka: mvua hunywea humo, na maji matamu ya visima hutoka humo.

Magofu ya Takwa, ng'ambo kisiwani Manda, hesabu yake ni kinyume. Hori ya mikoko inayofika huko, yaani mkono mwembamba wa bahari, hupitika kwa boti maji yakijaa. Yakikupwa ni tope la magotini. Mji huo ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, na husimuliwa kwamba watu wake walihamia Shela. Ingia hori saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, utoke kabla saa moja haijapita baada ya kujaa. Muda huo unatosha kuuona msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kisha kufuata kijia cha vichakani hadi ufuo wa upande wa pili. Vaa viatu vya kufunika, maana miiba ya huko hutoboa ndala.

Siku za maji mafu, hata yakijaa, boti kubwa yaweza kukwama horini. Mwambie nahodha mapema, alete chombo kidogo.